Dawa Haikuambii Imeharibika

Nilipoajiriwa kuwa mfamasia wa kliniki ya macho, nilidhani nitahesabu chupa za matone tu. Wiki ya kwanza nikakabidhiwa kichupa cha bevacizumab: miligramu 100 ndani ya mililita 4, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Sisi huitumia kwa macho yaliyoathiriwa na kisukari, na jicho moja huhitaji mililita 0.05. Kwa hesabu ya karatasi, kichupa kimoja ni macho 80. Mezani hata nusu hufikishi, maana kila bomba la sindano hula chake. Ila bila kugawana, wagonjwa wetu wa kisukari wasingeimudu.

Nikajifunza kugawa. Kichupa hakitikiswi, kwani hii ni protini, na ikitikiswa hugandana. Haina kihifadhi, hivyo kijidudu kikiingia kichupani kimeingia kwenye mabomba yote. Mwaka 2011 huko Miami wagonjwa 12 waliambukizwa bakteria kwa mabomba ya namna hii, na wengi wao walipoteza karibu uoni wote wa jicho lile. Tena bomba si makazi ya kudumu: mafuta ya silikoni yanayolainisha ndani yake hujitenga, na mgonjwa hurudi akilalamika kuona vitone vikielea.

Kosa langu nalikumbuka. Ijumaa moja, nikikimbilia daladala, nilisukuma mabomba 18 hadi mwisho wa friji. Jumatatu nikayakuta yameshikana na barafu ya ukuta wa nyuma. Kipimajoto, kinachotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, kilikuwa kimeandika chini ya sifuri usiku kucha. Nilipoyashika yakayeyuka, yakawa maangavu kama maji ya mvua.

Nje foleni ilishapangwa. Mzee mmoja aliyelala safarini akaniambia, "Mwanangu, mbona naiona safi?"

"Ni safi kwa macho, baba. Lakini iliganda."

Nikayatupa yote 18, nikaandika daftarini kwamba mkosaji ni mimi. Mzee akarudi Alhamisi, kwa nauli aliyokopa.

Siku hiyohiyo nilipiga mstari mwekundu ndani ya friji, na hakuna bomba linalouvuka. Wewe unayeshika funguo za friji ya dawa, usiulize dawa inaonekanaje. Uliza imelala kwenye nyuzi ngapi.