Gari la Marehemu Baba na Mafungu Manane



Marehemu akishazikwa, madeni yake yakalipwa na wasia wake ukatekelezwa, hubaki mali ya kugawanywa; na katika mali hiyo aghalabu huwamo kitu kimoja kisichogawanyika. Fedha huhesabiwa, nyumba hupangishwa na kodi yake ikapatiwa wenyewe, hata shamba la minazi hupimwa kwa kamba. Lakini kuna nyumba zilizoachiwa jahazi, na kuna zilizoachiwa kitanda cha samadari ambacho kila mmoja anakitaka na hapana mwenye chumba cha kukiweka. Sisi tuliachiwa gari.

Ni MGB ya mwaka 1965, gari la viti viwili lenye paa la turubai. Lilitengenezwa Abingdon, mji mdogo jirani na Oxford, Uingereza, ambako kiwanda cha MG kilihamia mwaka 1929 na kikafungwa mwaka 1980. Herufi hizo mbili zatokana na Morris Garages, biashara ya magari ya William Morris mjini Oxford. Aina ya MGB ilitoka mwaka 1962, na hadi ilipokoma mwaka 1980 yalikuwa yametengenezwa magari zaidi ya nusu milioni. Si gari la wafalme, basi. Lilikuwa gari la mtu wa kawaida aliyependa mwendo na upepo. Marehemu baba, aliyekuwa karani bandarini, alilinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao, akakaa nalo katika ua wa nyumba yetu ya Tudor kwa zaidi ya miaka thelathini.

Warithi tulikuwa sita: mama, kaka zetu wawili na sisi mabinti watatu. Hesabu ilikuja sawasawa. Mama alipata thumni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Na thumni saba zilizobaki, kila mwanamume alipata mbili na kila mwanamke moja. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na mafungu manane: manne ya wanawake waliobaki nyumbani, manne ya wanaume walio mbali, mmoja Nairobi na mwengine Maskati.

Kaka zetu walitaka liuzwe. Hatuwezi kusema walikosa mapenzi kwa baba yao. Mmoja ana karo za watoto wanne, mwengine anaishi kwa watu na kodi ya nyumba haimngoji. Na mali isiyogawanywa, walisema, huzaa maneno. Akaletwa mnunuzi. Alilizunguka gari, akagonga chini ya milango kwa kifundo cha kidole, kutu ikamwagika kama unga, naye akataja bei ya chuma chakavu. Kaka zetu walikuwa tayari kuipokea. Mama alikuwa ametoka edani siku chache tu. Hakusema neno, akaingia jikoni.

Sisi watatu tuliomba jambo moja: tununue mafungu ya kaka zetu, na mama abaki na lake. Hapo ndipo suala lenyewe lilipochomoza. Kwa bei gani? Tukilitengeneza kwanza ndipo lithaminiwe, kaka zetu watalipwa kwa jasho letu. Likithaminiwa likiwa bovu, nasi siku moja tukaliuza kwa bei nzuri, wataona tumewala. Ndugu wamewahi kususiana mazishi kwa jambo dogo kuliko hilo. Tulikwenda kwa sheikh mwenye elimu ya mirathi, naye akatupa njia nyepesi: gari lithaminiwe kama lilivyo leo, na watu wawili wanaojua magari wasio na maslahi, warithi wote sita waridhie, iandikwe na mashahidi watie saini, kisha deni lilipwe kwa muda unaojulikana. Tangu siku ile, likipanda au likishuka thamani, faida na hasara ni za wanunuzi. Tukaandikiana. Deni tulilolikubali ni la miezi ishirini na minne.

Yalibaki matengenezo. Hapo awali, baba alipokuwa mgonjwa, gari lilipelekwa kwenye gereji moja mjini, likarudi na nati zilizoviringika pembe hata hazishikiki. Sababu yake twaijua sasa. Nati za gari hili ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, fundi mwenye spana za kisasa huchukua ya milimita 13, nayo huingia, lakini hucheza kidogo, na akikaza kwa nguvu hula pembe. Baba alikuwa na sanduku zima la spana za inchi, zimefungwa katika kipande cha kanga kuukuu. Tulipolifungua, tuliamua kwamba kazi itafanyika nyumbani, Jumamosi baada ya alasiri, na fundi ataitwa kwa lile tu lisilowezekana mikononi mwetu.

Tuliyadhani maarifa ya gari yamezikwa na baba. Siku ya kwanza tulifungua ufunguo, tukasikiliza, pakawa kimya. Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Akasema pasi na kuinua uso: "Hiyo pampu yataka kugongwa, wanangu. Nyuma kule, mbele ya gurudumu la kulia. Kwa mpini wa bisibisi, na pole pole." Tukagonga. Pampu ikaanza kulia tik-tik-tik, kisha ikanyamaza yenyewe. "Sasa mabakuli ya kabureta yamejaa," akasema. "Isiponyamaza, petroli yavuja mahali, au tangi ni tupu."

Tulimtazama kama tuliyekutana naye siku ile. Kwa miaka yote ile, baba alipolala chini ya gari usiku, mama ndiye aliyemshikia taa. Mshika taa huona kila kitu, na husikia kila neno ambalo fundi hujisemea. Hakuna aliyewahi kumwuliza, naye si mtu wa kusema asiloulizwa.

Yeye ndiye aliyetuokolea umeme wa gari. Katika magari ya leo, upande hasi wa betri ndio hufungwa kwenye bodi. Katika MGB za kabla ya mwaka 1967 ni kinyume chake: bodi imefungwa upande chanya. Tena gari letu lina betri mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, zikiunganishwa hupatikana volti 12. Kijana aliyekuja kuzifunga alikuwa ameshashika waya kwa mazoea ya magari ya siku hizi. Mama akamwambia: "Ngoja, baba. Fungua kile kifuniko usome." Ndani yake marehemu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: chanya kwa bodi.

Kabureta nazo ni mbili, za aina ya SU. Ndani ya kila moja mna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya hewa, na sindano inayoziba na kuzibua tundu la petroli. Juu ya pistoni hutiwa oili nyepesi kidogo. Ikikauka, gari husita pindi ukanyagapo mafuta. Ili kujua kama petroli na hewa zimelingana, injini huachwa ikizunguka taratibu, pistoni ikainuliwa kwa kiasi kisichotimia milimita moja. Mzunguko ukipanda ukabaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzimika, petroli imepungua. Ukipanda kidogo kisha ukarejea mahali pake, umepatia. Mdogo wetu, ambaye hana subira ya kushona hata kifungo, ndiye aliyeishika kazi hii vyema kuliko sote, kwa kuwa ni kazi ya sikio.

Kila pointi ya distributa tuliipima kwa bamba jembamba hadi nafasi yake ikafika baina ya milimita 0.35 na 0.40, kila plagi tukaiachia milimita 0.64. Viungo vya magurudumu ya mbele vina vichuchu vya kutilia grisi, navyo tulivikuta vimekauka kama mbegu za ubuyu. Kuhusu petroli, injini ya zamani ilizoea ile yenye risasi, iliyolainisha makao ya vali. Kusini mwa Sahara risasi iliondolewa kufikia mwaka 2006, na ni heri kwa mapafu ya watoto wetu. Nasi, silinda hedi ilipofunguliwa, tuliwekewa makao ya vali ya chuma kigumu.

Lakini kubwa kuliko yote ni kutu. Gari hili halina chesisi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Nguvu imekaa katika boriti mbili za bati zipitazo chini ya milango, na hizo ndizo alizozigonga mnunuzi. Upepo wa bahari wa Tudor hubeba chumvi usiku na mchana. Chumvi na unyevu vikikaa ndani ya boriti ambamo mkono haufiki, bati huliwa kutoka ndani huku nje rangi yang'aa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta tuliujenga. Bati mpya zingali zikitengenezwa Uingereza. Tangu mwaka 1988 hata bodi nzima ya MGB hutengenezwa huko upya kwa zana za kiwanda cha asili. Tuliagiza za upande mmoja tu, kwa kuwa mfuko ulisema hivyo, na pia kwa kuwa ndiyo kanuni: ukizikata zote mbili kwa pamoja gari hupinda katikati, na milango haitafunga tena abadani. Kabla ya fundi wa kuchomelea kuja, sisi tulitoa betri, tangi la petroli, viti na mazulia, tukakaza bomba la chuma kati ya nguzo mbili za mlango ili nafasi isibadilike hata kwa unywele. Mama akaweka ndoo mbili za mchanga karibu. Kazi ikachukua siku tatu, na mlango ulipofungwa ulitoa mlio mmoja tu.

Hatukukosa maneno ya mtaani. Waliuliza mabinti wa watu wanatafuta nini chini ya gari. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja kutukanya; akakaa barazani, akanywa kahawa, na mwishowe akauliza kwa nini jenereta ya kwake haishiki. Wengine walisema fedha hizi zingelisha watu, na neno hilo tulilitia maanani zaidi ya mengine. Kwa hiyo tuliweka daftari la matumizi, na tulifunga sharti: halinunuliwi kitu cha gari mwezi ambao awamu ya kaka zetu haijalipwa. Mara mbili gari lilikaa juu ya mawe majuma mengi kwa sababu ya sharti hilo.

Mwezi wa kumi na nne, kaka yetu wa Maskati alikuja likizo. Alisimama uani kwa muda, kisha akaomba ufunguo. Gari lina viti viwili tu, kwa hiyo akampandisha mama, nasi tukabaki mlangoni. Walikwenda hadi Mama Ngina wakarudi magharibi inaadhiniwa. Hakutusamehe deni, wala hatukumwomba. Usiku ule tulimkabidhi awamu yake ya mwezi, akaihesabu, akatia saini katika daftari, tukala pamoja. Tuna hakika kwamba kama tusingelikuwa na ile karatasi ya mwanzo, angelitazama gari linalong'aa kwa jicho jengine, nasi tungelimtazama yeye hivyo hivyo.

Ndugu wasomaji, twaandika haya kwa ajili ya nyumba zenye kitu kama hiki, kiwe gari, cherehani au mashua. Kithaminini mapema, kabla hakijaoza na kabla hakijatengenezwa, na muandikiane. Kisha kabla hamjasema ya kwamba mjuzi wake amekufa, muulizeni aliyekuwa akimshikia taa. Boriti ya upande wa kushoto ingali na kutu, na zimebaki awamu sita. Inshaallah tutamaliza deni kwanza.

Wabillahi taufiki.