Tabora, Nchi ya Asali na Nta

Wengi wetu tukisikia jina la Tabora twafikiri habari za miembe, za garimoshi na za misafara ya kale. Ni kweli. Miembe ipo hata leo, na reli ilifika mjini mwaka 1912. Kule Kwihara, karibu na mji, mtaonyeshwa mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Lakini leo nataka tutoke mjini, twende porini, mkaone kitu ambacho wenyeji hukitoa juu ya miti kwa shida nyingi, halafu baadhi yao hukitupa jalalani. Kitu hicho ni nta.

Basi, shikeni njia ya kusini iendayo Sikonge, yapata kilomita 70. Mkiisha kupita mashamba ya mahindi na karanga, mtaingia katika miombo. Miti ni mingi: mtundu, muba, myombo, na mninga wa kutengenezea viti na milango. Majani mapya yakichipua, kabla ya mvua, hayana rangi ya kijani bali ni mekundu kama shaba. Tazameni juu, katika panda za matawi. Mtaona magogo yaliyolazwa, mengine yamefungwa kwa kamba. Hiyo ndiyo mizinga.

Mlina asali mmoja, mzee mwenye mvi, alikuwa ameketi chini ya mti akichonga mzinga mpya. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitika, akanipa kigogo nikae. Nikamwuliza kwa nini hatumii magome, maana naliona mizinga ya magome njiani. Akanijibu, "Mwanangu, ukiuvua mti gome lake lote kuuzunguka, umeuua. Mzinga wa gome hukaa miaka michache, na mti uliokufa haurudi. Nyuki nao watakula maua ya wapi?" Neno lake nililiweka moyoni. Wengine siku hizi hutumia masanduku ya mbao, ambayo hufunguliwa juu bila kuharibu kitu.

Alinieleza pia kwamba msimu mkubwa wa kulina ni baada ya mvua, toka Mei hata Julai. Walinaji hukaa porini siku nyingi, na kazi yenyewe huifanya usiku, kwa moshi, kwa sababu nyuki wa nchi hii ni wakali. Asali hutiwa katika ndoo na madumu ikaletwa nyumbani. Je, masega yaliyokamuliwa yaenda wapi?

Hapo ndipo penye habari yangu. Katika nyumba nyingine asali hupikiwa pombe, na masega hutupwa nyuma ya nyumba, kuku wakayaparua. Lakini tangu zamani nta ya Unyamwezi ilisafirishwa ng'ambo, tena bado inatakiwa na watengenezaji wa mishumaa, wa dawa na wa mafuta ya kujipaka. Nyuki mwenyewe huitoa tumboni mwake, vipande vidogo vyembamba kama magamba ya samaki. Wataalamu hukadiria kuwa nyuki hula kilo 6 hata 8 za asali ili kutoa kilo moja tu ya nta. Basi anayetupa nta ametupa asali mara nyingi.

Katika kigango kimoja nilichofika, kina mama wamekwisha kuacha kutupa. Mmoja wao alinikaribisha uani akanionyesha kazi yake toka mwanzo hata mwisho. Nanyi someni vizuri, mkajaribu.

Kwanza, masega hulowekwa katika maji usiku kucha ili utamu utoke. Asubuhi huchemshwa polepole katika maji safi. Maji ya mvua ndiyo bora. Sufuria iwe ya alumini, au chombo cha enameli kisichobanduka, maana chuma chenye kutu huifanya nta iwe nyeusi. Nta ikiisha yeyuka, yote humiminwa katika mfuko wa gunia safi na kukamuliwa kwa vijiti viwili juu ya beseni. Beseni hufunikwa likaachwa lipoe taratibu mpaka kesho. Nta huelea juu ikaganda kama mkate wa manjano. Uchafu ulioshika upande wa chini hukwanguliwa kwa kisu.

Pili, utambi. Uwe wa uzi wa pamba, nyuzi tatu zilizosukwa kama nywele. Uzi wa nailoni haufai, huyeyuka. Tena nta ya nyuki yataka utambi mnene kidogo kuliko mshumaa wa dukani.

Tatu, kuyeyusha. Hapa, enyi wazazi, angalieni sana. Nta haiwekwi juu ya moto wenyewe. Tia nta katika kopo refu, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Nta huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hivi, kwa hiyo maji yatosha. Watoto wakae mbali. Ikishika moto, usimwage maji kamwe, maana moto utaruka. Funika kopo kwa kifuniko.

Sasa chovya utambi, uutoe, uunyoshe, uuache upoe. Kisha chovya tena. Mama yule alichovya mara 25, na kila mara mshumaa ulizidi unene kidogo. Asiyekuwa na subira atumie kikonyo cha jani la mpapai. Ndani kina tundu. Ziba upande mmoja kwa udongo, pitisha utambi katikati, mimina nta. Ikiisha kuganda, pasua kikonyo, na mshumaa wako huo umenyoka.

Halafu huja mapambo, ambayo watoto waliyapenda kuliko yote. Mishumaa miwili myembamba, ingali vuguvugu, husokotwa pamoja kama kamba. Au nta humiminwa nyembamba juu ya sahani iliyolowa maji, ikakatwa kwa kisu majani, nyota au msalaba, na kubandikwa kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto. Na rangi? Rangi ya maji haipatani na nta, hujitenga. Lakini mbegu za mzingefuri zikipashwa katika nta hutoa rangi nzuri ya machungwa. Ichujwe kwa kitambaa, isije ikaziba utambi.

Nilipofika, wale kina mama walikuwa wakitengeneza mshumaa wa Pasaka wa kigango chao, mkubwa kama mkono wa mtu mzima. Juu yake msalaba, alfa na omega, tarakimu za mwaka, na mahali pa punje tano za ubani, vyote kwa nta ya rangi. Barua ya Vatikani ya mwaka 1988 juu ya sherehe za Pasaka yataka mshumaa huo uwe wa nta, si wa bandia, na uwe mpya kila mwaka. Na katika Mbiu ya Pasaka Kanisa huitaja kazi ya nyuki. Mama yule akaniambia, "Zamani tulichanga fedha tukanunua mjini, na nta yetu tukawatupia kuku. Sasa fedha ile hununua madaftari."

Lakini msidhani mambo yote ni mazuri huko. Upande wa Urambo, ambako mpango wa karanga wa Waingereza ulijaribiwa ukashindwa, tumbaku ndiyo iliyoshika nafasi, na hata Sikonge inalimwa. Tumbaku hiyo hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni ni hiyo hiyo miombo. Siwalaumu wakulima, nao wana watoto wa kusomesha. Ila nasema, anayekata apande, na anayeweza akaushe kwa tanuri linalokula kuni chache. Mtundu ukianguka, yule mzee hana pa kulaza mzinga wake, wala mama yule hana cha kutia katika kopo lake.

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Basi ninyi mlio na mizinga, iwe Tabora, Kibondo au Manyoni, msimu ujao mkiisha kukamua asali, msiyamwage masega. Yalowekeni usiku ule ule. Bonge la kwanza likiwa dogo, lihifadhini mpaka mpate la pili. Na mshumaa wa kwanza mkiutengeneza, uwasheni juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na makuti, mtoto asome somo lake.