Kodi ya Pango

Upau wa hali kwenye kompyuta yangu ni mstari mwembamba chini ya skrini: saa, betri, mtandao, sauti. Natumia i3, programu ya kupanga madirisha iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, na mstari huo huchorwa na i3bar. Programu ndogo niliyojiandikia huupelekea habari kwa JSON kila baada ya sekunde 5. Betri ikiwa na chaji ya kutosha maandishi huwa ya kijani, ikikaribia kuisha huwa mekundu.

Mdogo wangu, anayeazima kompyuta hii usiku kuandika kazi zake za chuo, haoni tofauti hiyo. Kwake rangi zote mbili ni udongo mmoja. Hali hii hurithiwa kupitia kromosomu X, na kwetu imepita upande wa mama. Mjomba alichekwa miaka mingi kwa kurudi na nyanya mbichi kutoka sokoni. Asilimia ya chaji imeandikwa pale, sawa, lakini namba haimshtui mtu aliyezama kwenye kazi. Rangi ndiyo hushtua. Mdogo wangu hajawahi kulalamika. Umeme ukikatika, huhifadhi faili kila baada ya sentensi.

i3bar hukipa kila kipande cha upau rangi moja ya maandishi. Ukitaka herufi nzito, au mstari chini ya neno moja tu, sharti uwashe alama za Pango, maktaba ya kupanga maandishi ambayo jina lake limeungwa kwa neno la Kigiriki la "yote" na la Kijapani la "lugha". Wenzangu darasani huita msimbo "kodi". Nilipowaambia nahangaika na kodi ya Pango, mmoja aliuliza mwenye nyumba anadai miezi mingapi.

Kuziwasha ni neno moja. Kazi iko kwingine: alama zikisharuhusiwa, maandishi yote husomwa kama maagizo. Jirani akiuita mtandao wake wa Wi-Fi "Baba & Wanawe", ile & peke yake inatosha Pango kuukataa mstari; lazima igeuzwe kuwa & kwanza. Kubandika viraka kila kipande ni uvivu unaojificha kwenye haraka. Nilipanga msimbo upya kwa siku mbili. Sasa kila kipande huleta maneno matupu na hali yake: nzuri, tahadhari, au hatari. Funksheni moja tu husafisha maneno, kisha huamua yavae nini.

Hatari sasa ni herufi nzito, nyeusi juu ya nyeupe, zenye mstari chini. Nilimwonyesha mdogo wangu betri ikiwa 9%. Akaitazama kitambo.

"Dada," akasema, "hii huwezi kuifanya kwenye grafu za mwalimu wetu wa takwimu?"