Mbabula Ndani ya Picha Yangu



Wiki hii zamu ya kuandika imeniangukia mimi, na nimeona niwasimulie juu ya kikundi chetu kidogo cha wamama wanaochora picha hapa Lubumbashi. Nitasema mazuri yake, kisha nitasema na kosa nililolifanya mwenyewe kwa burashi yangu. Baridi bado haijaisha, na kosa hilo huenda limelala pia katika nyumba ya mwenzangu anayesoma hapa.

Ndugu zetu wa Kisangani au Kalemie watacheka wakisikia mtu wa Kongo analalamika juu ya baridi. Lakini mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba kuna usiku ambao joto linashuka chini ya nyuzi 10. Mchana jua linawaka na mbingu ni safi, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Jua likizama tu, unatafuta pulova. Nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya baridi: bati juu, simenti chini, na upepo unapita chini ya mlango.

Mimi nilifundisha watoto wadogo wa shule kwa miaka mingi. Nilipoacha kazi nilibaki na burashi tatu na kopo la rangi nyeupe lililosalia tulipopaka mlango. Siku moja nikamchora kuku wangu juu ya kipande cha mbao. Wajukuu wakasema ni mbuzi. Nikachora tena. Mara ya nne wakasema, "Huyu ni kuku, tena ni yule mwenye kilema." Siku hiyo nilifurahi kama mtu aliyepata mshahara.

Katika likelemba yetu nikagundua kwamba siko peke yangu. Muuza mboga mmoja alikuwa anachora kwa makala nyuma ya makaratasi ya hesabu zake. Mshonaji alikuwa anachora maua kabla ya kuyadarizi. Tukakubaliana: Jumamosi, saa nane mchana, kila mmoja alete picha moja ya jambo aliloliona wiki hiyo. Leo tuko saba. Tunakaa katika lupango yangu, upande wenye jua, tunakunywa chai na kula kalanga, na picha tunazisimamisha zikiegemea ukuta.

Tuna sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kucheka mkono wa mwenzako. Ya pili, usiseme "ni nzuri" ukanyamaza. Sema umeona nini. Sheria hiyo ya pili ndiyo inayotufundisha. Mara nyingi mtu anachora mama aliyebeba maji, na sisi tunaona mama aliyechoka. Hapo mchoraji mwenyewe anastuka.

Mji wetu hauna ugeni na picha. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji. Huko Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi, na Bela alipaka rangi kwa vidole vyake. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu, picha baada ya picha, juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Wengi wetu tulikulia katika nyumba zenye Mamba Muntu ukutani. Hao wote niliowataja ni wanaume. Mama zetu kazi yao ilikuwa kupangusa vumbi juu ya picha.

Sisi hatujilinganishi nao, lakini ule ujanja wa gunia tumeurithi. Magunia ya siku hizi ni ya plastiki na rangi haishiki vizuri. Kwa hiyo tunakata shuka kuukuu, tunalivuta juu ya fremu ya mbao, tunalipaka gundi ya unga wa muhogo, na likikauka tunapaka rangi nyeupe ya ukuta. Rangi nyekundu tunaipata chini ya miguu yetu: udongo uliochujwa kwa kitambaa chepesi na kuchanganywa na gundi. Nyeusi ni makala yaliyotwangwa. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Tukipata franka kidogo, tunanunua rangi ya manjano, maana hiyo hatujapata namna ya kuitengeneza.

Wakati wa baridi swali letu ni hili: baridi inachorwaje? Mvua ina mistari na moto una rangi, lakini baridi haionekani. Tulihangaika Jumamosi mbili. Mshonaji alipaka kila kitu buluu, tukamwambia tunaona usiku, hatuoni baridi. Ni muuza mboga aliyetufungua macho. Yeye anaondoka kwake alfajiri kwenda sokoni, na baridi anaijua kuliko sisi sote. Alisema, "Msiitafute angani. Iko mabegani." Akatuonyesha picha yake: wanawake watano wanangojea maji, mabega yamepanda hadi masikioni, mikono imefichwa makwapani, na vidumu vyao vimesimama mbele yao. Hakupaka buluu hata kidogo. Tulipoiangalia, mmoja wetu alivuta kikwembe chake akajifunika vizuri.

Tangu hapo picha zilikuja kwa wingi. Nyanya anayeota jua, mgongo ukutani, akihama pamoja na jua kadiri linavyosogea. Mtoto wa shule aliyevaa pulova mbili, hata mikono haishuki. Mama anayemwagilia lengalenga asubuhi, na moshi wa majirani umelala chini juu ya mitaa kama maziwa yaliyomwagika. Na mimi nikaleta yangu.

Nilichora chumba cha utoto wangu. Katikati mbabula, makala mekundu kabisa, na kuizunguka watoto watatu wamelala juu ya mkeka, nyuso zao zina mwanga wa moto. Mlango umefungwa. Chini ya mlango nilichora kikwembe kilichokunjwa, kimesukumwa kuziba upepo. Kwa ile nyekundu ya makala nilitumia siku nzima. Wenzangu waliisifu. Mmoja alisema, "Ninaona joto." Mwingine akasema, "Ninaona mama aliyefanya yote ili watoto walale." Nilikwenda kulala nikiwa mtu mkubwa.

Kati yetu kulikuwa na mama mmoja kijana, mama wa mapasa, mgeni mjini. Ametoka Kongolo, kwenye joto, na hii ilikuwa baridi yake ya kwanza hapa. Mume wake anafanya kazi mbali, katika machimbo. Siku ile hakusema neno. Aliiangalia picha yangu kwa muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Habari ilitufikia tukiwa tunamimina chai. Usiku wa Alhamisi aliingiza mbabula katika chumba anacholala na wale mapasa wa miaka minne, akafunga mlango na dirisha. Mungu alisaidia: jirani yake mzee alitoka usiku kwenda chooni, akasikia mtoto anatapika na hakuna anayemwambia pole. Akagonga, kimya. Akasukuma mlango, ukawa mzito, kitu kimeuzuia chini. Wakaubomoa. Mama aliinuka, akapiga hatua mbili, akaanguka kizingitini. Watoto walikuwa wamelegea kama nguo zilizoloa. Walipelekwa hospitali wakapewa oksijeni, na siku ya tatu walirudi nyumbani, wote watatu.

Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, nikayasahau yote. Yeye ndiye aliyeanza. "Mama, usilie. Si picha yako. Ni baridi iliyonisukuma, watoto walikuwa wanatetemeka." Akanyamaza kidogo. "Lakini kile kikwembe chini ya mlango, hicho nilikiona kwako."

Wamama, niwaambie ukweli wote. Mama yangu hakufanya hivyo hata siku moja. Alikuwa anawasha mbabula nje. Tulikuwa tunaiota jioni, mlango ukiwa wazi, na kabla hatujalala alikuwa anaitoa nje tena, hata tukilia. Kisha alikuwa anachukua tofali lililokaa kando ya moto, analifunga katika kitambaa kizito na kuliweka miguuni mwetu. Hiyo ndiyo iliyotupa joto usiku kucha. Mimi niliyajua hayo nikashika burashi na kuyaacha. Tofali lililofungwa halipendezi katika picha, na mlango wazi ulikuwa unaharibu ile nyekundu yangu. Nilichora joto ambalo halikuwako, na nikalipamba.

Muuguzi mmoja alikuja kutueleza Jumamosi iliyofuata. Makala yanapoungua yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Sisi tunaogopa moshi. Moshi ukiisha na makala yakawa mekundu, tunadhani hatari imekwisha, kumbe sumu inaendelea kutoka. Hewa hiyo inakamata nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mikono na miguu inakosa nguvu. Aliyelala hasikii hata hayo. Usingizi wake unazidi tu kuwa mzito. Watoto wadogo na wamama wenye mimba wanaumia zaidi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, na mpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema amepona.

Nilitaka kuichoma ile picha. Wenzangu walikataa. Muuza mboga alisema, "Ukiichoma, kosa litabaki kichwani mwako tu. Irekebishe, tuone." Nikaiweka tena juu ya magoti. Nikapaka nyeupe juu ya mlango, nikaufungua. Nikafuta kikwembe. Mbabula niliihamisha nje, chini ya nyota, na nikamchora mama yangu ameinama juu yake akilitoa tofali kwa kitambaa. Ndani, watoto watatu wamelala, na miguuni mwao kuna kifurushi kingine ambacho hakuna anayejua ni nini mpaka aelezwe. Si nzuri kama ile ya kwanza. Ile nyekundu imebaki doa dogo pembeni. Lakini kila anayeiona anauliza, "Hicho miguuni ni nini?", na hapo ndipo maneno yanapoanza. Tumeichora tena mara nne, kila mmoja kwa mkono wake, na moja imetundikwa mahali wamama wanapongojea kupima watoto wao. Mshonaji yake ameidarizi pembeni.

Mama wa mapasa alikaa majuma matatu bila kuja. Kichwa kilikuwa bado kinamsumbua. Siku aliporudi alileta picha ndogo, imefungwa katika gazeti. Alikuwa amechora mlango peke yake, umebomoka bawaba moja, na giza ndani. Mbele ya mlango, jozi mbili za kandambili za watoto. Basi.

Tulikumbuka sheria yetu: sema umeona nini. Hakuna aliyeanza. Mwishowe jirani yake mzee, ambaye sasa anakuja kunywa chai nasi ingawa hachori, alisema, "Ninaona kwamba walitoka."

Wamama, jioni hii kabla hamjalala, toeni mbabula nje. Wekeni tofali kando ya moto mapema, au jazeni chupa maji ya moto, mzifunge vizuri ili zisiunguze ngozi ya mtoto. Laleni pamoja chini ya mablanketi yote mliyo nayo. Na kama kuna mgeni katika avenyu yenu ambaye baridi hii ni yake ya kwanza, msingoje aulize. Nendeni mkamweleze leo.

Na wewe unayechora peke yako usiku watu wakilala, njoo na picha yako. Hatutacheka. Tutakuambia tumeona nini.