Vyombo

Mwanangu, mpiga besi wa muziki wa metali jijini Nairobi, alikuja Mkula na gitaa pamoja na kanyagio la kukwaruzia sauti. Amplifaya huazima. Studioni, asema, besi huchomekwa moja kwa moja kwenye mitambo; jukwaani haifui dafu bila spika kubwa.

Nikakumbuka neno la wanadansi: vyombo. (Mama yake hulitumia kwa masufuria, wala halimtatizi mtu.) NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi, aliyehama aliondoka na vidole vyake.

Usiku akapiga bila umeme. Nyuzi nne nene zikanong'ona tu. Ikanibidi niegemeze sikio kwenye ubao. Ndipo akauliza kama fahali wangu angefikia bei ya amplifaya mnadani. Sijamjibu.