Tairi za Kuazima

Tangu 1997 hadi 2016 nilibeba abiria kati ya Busia na Kisumu kwa matatu ya viti 14. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Hiace, ingawa stendi yote ililiita Nissan, kama ilivyoyaita yote ya aina hiyo. Na kila mwaka, wiki moja kabla ya ukaguzi, halikutoka nyumbani. Lilikaa chini ya mwembe Mundika, mawe yamezuia magurudumu, na mimi nimelala uvunguni.

Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Nilifanya nilivyoona wengine wakifanya: nikakodi tairi nne kwa siku moja, nikaazima kizimamoto kwa dereva mwenzangu na zile pembetatu nyekundu kwa mwingine, nikaenda inspekshen. Gari likapita. Jioni hiyohiyo nikarudisha vyote na kufunga tairi zangu kipara.

Wiki ya tatu, tukiwa tumepita Ugunja, tairi ya nyuma kushoto ilipasuka. Gari lilipinda, likaacha lami, likasimama ndani ya mahindi. Hatukuwa na mikanda wakati huo. Mama mmoja mzee, mteja wangu wa kila soko, alivunjika mkono. Nilipokuwa namtoa aliniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira: "Mwanangu, si uliniambia gari limepita inspekshen?"

Nilimwambia, "Lilipita, mama." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana sikuweza kumtazama. Karatasi ilikuwa ndani ya gari. Tairi zilizoipata hiyo karatasi zilikuwa dukani.

Nililipa hospitali, na gari likakaa mpaka nikapata pesa za tairi nne. Kuanzia hapo nikawa nalitayarisha mwenyewe.

Nilianza na magurudumu ya mbele. Unapiga jeki, unashika gurudumu juu na chini, unalitikisa. Likicheza, ni bearing au boljointi. Kisha unashika kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama tairodi endi. Hakuna chombo kinachohitajika zaidi ya jeki na mikono yako, na hata hivyo nimewaona madereva wa miaka mingi ambao hawajawahi kufanya hivyo. Taa, waipa na honi ni kazi ya nusu saa.

Breki ndizo zilizonilia muda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakikaa sana, breki zikipata moto yale maji huchemka, na mvuke ukiingia kwenye paipu mguu unazama bila gari kushika. Kwa hiyo kila mwaka niliyabadilisha yote. Mama watoto alikaa kwenye usukani. Mimi chini, nimevalisha kipira chembamba kwenye skurubu ya kutolea hewa, ncha ya pili imezama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Tulianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nafungua robo mzunguko. Mafuta yanatoka meusi kama chai ya rangi, na vipovu vinapanda kimoja kimoja ndani ya chupa. Nafunga.

"Achia."

Tena, na tena, mpaka yatoke meupe na kipovu kisionekane. Hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, kabla yangu, kwa sababu pedali ilikuwa imekuwa ngumu. "Sasa imekataa, Baba," alikuwa akisema, nami nikahamia gurudumu lingine.

Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi, tulifunga mikanda, tukachora ule mstari wa manjano, tukaweka spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Stendi ilinung'unika sana. Mimi nilifunga mkanda wa kiti alichopenda yule mama kabla ya vingine vyote. Baadaye sheria ya 2012 ikaunda mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, na mambo ya ukaguzi yakahamia kwao. Nyumbani kazi ilibaki ileile: mwembe, jeki, chupa.

Najua kinachowasukuma vijana kukodi. Gari likilala wiki moja hakuna mapato, na tairi nne ni pesa nyingi kwa mtu ambaye bado analipa mkopo. Nilikuwa mmoja wao. Lakini mkaguzi hulitazama gari siku moja, na abiria hulipanda siku zote zinazobaki. Yule mama alipona, akaendelea kupanda gari langu kwenda soko, na kila mara alipita kwanza nyuma kutazama tairi.

Niliuza gari 2016. Tairi lilizoondoka nazo Mundika ndizo lilizokwenda nazo ukaguzi mwaka huo.