Pedali Iliyozama

Mwaka jana mume wangu alikuwa akiifufua Volkswagen ya marehemu baba yake, ya mwaka 1965, hapa uani. Mimi nilikanyaga breki, yeye akatoa upepo magurudumuni. Pedali ikawa ngumu. “Jumapili tunakwenda nayo kanisani!” akafurahi.

Lakini nilipoushikilia mguu pale pale, pedali ilizama polepole. Chini hapakuwa na tone la mafuta.

“Baba watoto, hatupandi,” nikasema.

Alinuna, kisha akaifungua masta silinda. Raba za ndani zilikuwa zimelika. Mafuta yalikuwa yakipenya humo humo. Na gari hilo lina njia moja tu ya breki: ikishindwa, magurudumu yote manne hayashiki.

Dada mpendwa, usinyamaze eti hujui ufundi.